Masomo ya historia ya tiba kila Jumamosi, Nyawera, Bukavu

Karibu na soko la Nyawera, katika komini ya Ibanda mjini Bukavu, daktari mmoja mstaafu huendesha masomo ya historia ya tiba kila Jumamosi alasiri, akisaidiwa na walimu wawili vijana. Duru moja huchukua miezi mitatu. Ada ni dola 10 kwa mwezi, au thamani yake kwa faranga, na fotokopi za kila somo zimo ndani ya ada hiyo. Hakuna diploma mwishoni, wala cheti cha kumpandisha mtu cheo kazini, na jambo hilo husemwa wazi siku ya kujiandikisha. Nimefuata duru iliyomalizika hivi karibuni tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa kuwa wauguzi wenzangu wa Kadutu na Bagira wamekuwa wakiniuliza kama fedha hizo zinafaa kutolewa, katika mji ambamo dola kumi zinatafutwa kwa jasho, nimeona niwajibu kwa maandishi na kwa urefu unaostahili.

Zinafaa. Sababu kubwa ni kwamba hapa matabibu wa kale husomwa kwa kazi zao, yaani kwa yale waliyoyaandika walipokuwa mbele ya mgonjwa, na sifa walizopewa baadaye huwekwa pembeni. Hata hivyo yapo mapengo, na mojawapo linanisikitisha sana, kwa sababu linahusu nchi hii hii tunayoikanyaga.

Katika shule nyingi za uuguzi historia ya tiba hupewa saa chache tu mwanzoni mwa mwaka wa kwanza. Mwalimu husema kwamba Hippocrates ni baba wa tiba na Pasteur ni bingwa wa vijidudu, kisha huingia kwenye anatomia, na mwanafunzi hubaki na majina ya watu asiojua walifanya nini hasa. Masomo ya Nyawera yanafuata njia nyingine. Kila Jumamosi mwanafunzi hupewa ukurasa mmoja au miwili ya maandishi ya tabibu wa kale, huusoma pamoja na jirani yake kwa nusu saa, na mwalimu haanzi kueleza chochote mpaka kila meza iwe imesema imeelewa nini na imekwama wapi. Darasa letu lilikuwa na wauguzi, wakunga, wanafunzi wa vyuo vya udaktari, wauza dawa na baba mmoja mwalimu wa shule ya sekondari, na mchanganyiko huo ulisaidia, kwa kuwa mkunga na muuza dawa hawaulizi swali lile lile.

Somo la kwanza lilikuwa la Misri, na lilianza kwa Imhotep. Nilishukuru jinsi mzee, yule daktari mstaafu, alivyolishughulikia jina hilo. Imhotep alikuwa mtumishi mkuu wa Mfalme Djoser, yapata miaka 2650 kabla ya Kristo, na watu wa vizazi vya baadaye sana ndio waliomfanya mungu wa uponyaji. Hatuna andiko la tiba ambalo tunaweza kusema kwa hakika kwamba liliandikwa kwa mkono wake. Habari zinazozunguka kwenye simu zetu humpa vitabu na uvumbuzi usio na ushahidi, na kijana mmoja darasani alizisoma kwa sauti, akiwa na fahari. Mzee hakumdhalilisha. Alimwambia, “Mwanangu, fahari yako ni halali, ila tuiweke juu ya kitu kinachoshikika,” kisha akagawa ukurasa kutoka gombo la mafunjo linalojulikana kwa jina la Edwin Smith, Mmarekani aliyelinunua Luxor mwaka 1862.

Gombo hilo liliandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, na wataalamu wanakubaliana kwamba lilinakiliwa kutoka maandishi ya zamani zaidi. Lina kesi 48, nyingi zikiwa za majeraha, nazo zimepangwa kuanzia kichwani kwenda chini, hadi mwandishi anapokatiza katikati ya sentensi. Kila kesi ina mwendo wake: jina la jeraha, namna ya kumchunguza mgonjwa, tamko la tabibu, na matibabu. Sisi tulipewa kesi ya 25, ya mtu aliyeteguka taya na kushindwa kufunga kinywa. Andiko linamwagiza tabibu aweke vidole gumba vyake ndani ya kinywa, juu ya ncha za taya upande huu na huu, vidole vingine avishike chini ya kidevu, kisha ayarudishe mataya mahali pake. Mzee alitutaka tukae wawili wawili na kujaribu mshiko huo kwa upole, bila kusukuma. Mkunga niliyekaa naye aliweka vidole vyake kama ukurasa ulivyoagiza, na chumba kizima kikanyamaza, kwa sababu wauguzi wote waliokuwemo waliutambua mshiko wenyewe. Ndio tunaofundishwa hadi leo.

Somo lingeishia hapo lingekuwa zuri vya kutosha, lakini mzee alitupeleka kwenye yale matamko ya tabibu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha gombo zima. Baada ya uchunguzi, tabibu wa Misri alipaswa kutamka moja kati ya mambo matatu: huu ni ugonjwa nitakaoutibu, huu ni ugonjwa nitakaopambana nao, au huu ni ugonjwa usio na la kufanya. Mtu aliyevunjika shingo, asiyesikia tena mikono wala miguu yake, aliwekwa katika kundi la tatu, na bado dalili zake ziliandikwa kwa uangalifu ule ule. Yeyote anayefanya kazi katika kituo cha afya anajua uzito wa uamuzi huo, maana kila siku tunaamua ni nani tunabaki naye, ni nani tunamwanzishia dawa huku tukimwangalia, na ni nani tunampeleka hospitali kuu ya rufaa kabla giza halijaingia. Tofauti ni kwamba sisi tuna mahali pa kumpeleka. Nilipenda pia kwamba mzee hakuficha upande wa nyuma wa gombo hilo hilo, ambako kumeandikwa maneno ya kufukuza maradhi ya mwaka mbaya. Uchunguzi makini na uganga wa maneno vilikaa katika gombo moja, na aliyelitumia huenda hakuona ajabu yoyote.

Masomo ya Ugiriki yalichukua Jumamosi mbili. Hippocrates wa Kos alizaliwa yapata mwaka 460 kabla ya Kristo, na maandishi takriban 60 yanayobeba jina lake yaliandikwa na watu mbalimbali kwa vipindi mbalimbali. Katika maandishi hayo tulisoma kurasa za kile kinachohusu kifafa, ugonjwa ambao Wagiriki waliuita mtakatifu. Mwandishi anasema wazi kwamba ugonjwa huu hauna utakatifu kuzidi mengine, kwamba una chanzo chake cha asili katika ubongo, na kwamba wale waliouita wa miungu walifanya hivyo ili kufunika kutojua kwao. Maelezo yake kuhusu kamasi inayoziba mishipa si sahihi, na mwalimu alilisema hilo. Lakini hoja yake kuu ndiyo tunayoihitaji hata sasa huku Kivu. Bado tunapokea watoto wenye vidonda vya moto kwa sababu walianguka jikoni na ndugu zao wakaogopa kuwagusa, wakidhani kwamba povu la mdomoni linaambukiza au kwamba kuna pepo aliyemwangusha. Mama mmoja muuguzi aliomba fotokopi ya ziada ya ukurasa huo ili ausome kwa wazazi wanaokuja kituoni kwake, na nadhani hakuna ushahidi bora zaidi wa faida ya masomo haya.

Tulisoma pia kesi za wagonjwa mmoja mmoja kutoka vitabu vya Magonjwa ya Mlipuko, cha kwanza na cha tatu, vinavyobeba jina hilo hilo la Hippocrates. Humo mna wagonjwa 42 walioandikwa siku kwa siku: homa ilipopanda, mkojo ulivyokuwa, usiku alioweweseka, siku alipofariki. Katika hao 42, waliokufa ni 25. Hesabu hiyo ilinigusa kuliko kiapo. Tabibu aliyeandika vifo vya wengi wa wagonjwa wake, bila kuvificha na bila kujitetea, aliwaachia waliomfuata kitu wanachoweza kukitumia. Nimeona madaftari ya wagonjwa yanayorekodi waliopona tu, na Jumamosi ile nilielewa vizuri zaidi yanakosa nini.

Kuhusu kiapo chenyewe, mmoja wa walimu vijana alitufundisha kwamba kina maneno “kwanza usidhuru”. Hayamo. Tabibu katika kiapo anaahidi kutowadhuru wagonjwa wake, lakini wazo linalokaribia msemo huo zaidi, yaani kusaidia au angalau kutodhuru, liko katika kitabu cha kwanza cha Magonjwa ya Mlipuko. Nilimwonyesha baada ya somo, na Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya wote akasahihisha, akiwa na ukurasa mkononi. Ninalitaja kama sifa. Mahali ambapo mwalimu husahihisha mbele ya darasa, mtu anaweza kuamini mengine anayofundishwa.

Kwa wale wanaopita kila siku mbele ya maduka ya dawa ya mji huu, yapo pia maelezo mafupi na mazuri kuhusu alama zao. Nyoka mmoja aliyejizungusha kwenye fimbo ni wa Asklepios, mungu wa uponyaji wa Wagiriki, na ndiye alama ya madaktari. Nyoka anayekunywa kikombeni ni wa binti yake Hygieia, na ndiye wa wauza dawa. Fimbo yenye nyoka wawili na mabawa ni ya Hermes, mjumbe wa miungu na mlinzi wa wafanyabiashara, wala haikuwa ya tiba tangu mwanzo.

Mwezi wa pili ndio bora kabisa, na kama ningelazimika kumshauri mtu alipe mwezi mmoja tu, ningemtajia huo. Unaanza na Aleksandria, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, ambako Herophilus na Erasistratus walipasua miili ya binadamu, jambo ambalo kwa karne nyingi baada yao halikufanywa tena waziwazi. Herophilus huyo anasimuliwa kwamba alipima mapigo ya mshipa kwa saa ya maji. Kisha linakuja somo la Galen, na hapo mzee anaonyesha umahiri wake wote.

Galen alizaliwa Pergamo mwaka 129, akawa tabibu wa wapiganaji wa uwanjani katika mji wake, baadaye akawatibu makaisari wa Roma, Marcus Aurelius akiwa mmoja wao. Alikuwa na mikono hodari. Alipokata mishipa midogo ya fahamu ya koo la nguruwe aliyekuwa akipiga kelele, mnyama alinyamaza huku akiendelea kupumua, na kwa njia hiyo akathibitisha mbele ya watu kwamba sauti inaongozwa na ubongo. Lakini alipasua nyani na nguruwe, si binadamu, na alifundisha kwamba damu hutengenezwa kwenye ini, huliwa na viungo, na kwamba sehemu yake hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kwa kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta wa katikati. Dunia ya tiba ilimwamini kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Asubuhi ya somo hilo, mmoja wa walimu alikuwa amenunua moyo wa ng’ombe kwa mchinjaji wa sokoni. Uliwekwa juu ya sinia, ukakatwa kwa urefu, ukaoshwa kwa maji ya ndoo. Mzee alituita meza kwa meza, akatupa glavu, akatutaka tutafute vitundu vya Galen. Mtu anapotazama ule ukuta kutoka ndani anaelewa mara moja jinsi mtu mwenye akili alivyoweza kukosea, kwa sababu ndani ya vyumba vya chini vya moyo kuna nyuzi nene za misuli zilizopishana, na kati yake kuna mashimo mengi yanayoonekana kama yanaelekea upande wa pili. Niliingiza kidole katika mojawapo na kikagota kwenye nyama ngumu. Mwanafunzi mmoja wa udaktari alijaribu kwa bua la majani, shimo baada ya shimo, akafika kila mara kwenye ukuta usiopitika. Ndipo mzee akatusomea maneno ya Ibn al-Nafis, tabibu wa Damasko aliyeishi Kairo hadi kifo chake mwaka 1288, ambaye mwaka 1242 aliandika katika ufafanuzi wake wa anatomia ya Ibn Sina kwamba ukuta huo ni mzito, hauna tundu linaloonekana wala lisiloonekana, na kwamba damu hutoka upande wa kulia, hupita mapafuni, huchanganyika na hewa, kisha huja upande wa kushoto.

Baada ya kuwa na ule moyo mikononi mwetu, maneno hayo yalisikika tofauti kabisa na vile yangesikika kwenye karatasi tu. Mzee aliendelea kwa utulivu: Vesalius, ambaye kitabu chake cha mwaka 1543 kilisahihisha makosa mengi ya Galen, aliendelea kwanza kuandika kwa mshangao juu ya damu inayopenya ukuta huo, na katika toleo la 1555 ndipo alipoonyesha shaka yake, William Harvey alitangaza mzunguko kamili wa damu mwaka 1628, na hati ya Ibn al-Nafis ilikuja kutambuliwa upya mwaka 1924 na tabibu kijana wa Kimisri, aliyeikuta katika maktaba ya Berlin. Karibu miaka mia saba wazo sahihi lilikuwepo, limeandikwa kwa wino, na madaktari wa nchi nyingi hawakulijua. Mjadala ulikwenda hadi jioni, na ulikuwa juu ya nani hunakili vitabu, nani hutafsiri, na nani hulipia kazi hiyo. Hapo pia tulimkuta Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873, Mkristo wa Baghdad aliyeandika waraka wa kuorodhesha vitabu 129 vya Galen na kueleza ni kipi kilitafsiriwa, na nani, na kwa hati ipi. Bila kazi ya watu kama yeye sehemu kubwa ya Galen isingetufikia.

Somo la al-Razi, tabibu wa Uajemi aliyefariki yapata mwaka 925, lilikuwa zuri kwa sababu ya mwanafunzi zaidi kuliko mwalimu. Tulijifunza kwamba aliandika kitabu cha kutofautisha ndui na surua, na kingine cha kuonyesha mashaka yake juu ya Galen. Kisha tukasoma kipande kutoka maandishi yake makubwa ya kitabibu. Mgonjwa ana uzito na maumivu ya kichwa na shingo kwa siku tatu, nne, tano au zaidi, macho yanakwepa mwanga, hapati usingizi. Al-Razi anasema kwamba alilitoa damu kundi moja la wagonjwa wa namna hiyo na kuliacha kundi jingine makusudi, ili aone tofauti. Mama mmoja aliyefanya kazi Butembo wakati wa mlipuko wa Ebola aliinua mkono akasema kwamba hilo ndilo waliloelezwa kule, katika jaribio lililoanza Novemba 2018 na kuendelea hadi Agosti 2019 huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ambapo wagonjwa waligawanywa kwa kura kati ya dawa nne. Dawa mbili zilionekana kuokoa watu wengi zaidi, na mojawapo ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa mstari wa mbele ndani yake. Mzee alimshukuru, kisha akaongeza jambo la lazima: al-Razi hakupiga kura, alichagua mwenyewe, na akahitimisha kwamba kutoa damu kunasaidia. Makundi mawili peke yake hayatoshi. Kura ndiyo inayomzuia tabibu kuwaweka wagonjwa wenye nafuu upande wa dawa anayoipenda. Wakati wa mlipuko ule, wengi katika jimbo la Kivu Kaskazini waliogopa vituo vya matibabu na kuamini kwamba dawa zilikuwa za kuua, na ninaamini kwamba nusu saa kama ile, ikielezwa kwa Kiswahili sokoni na kanisani, ingepunguza hofu nyingi.

Mwezi wa tatu unashuka. Ibn Sina, ambaye Kanuni yake ya tiba ilikamilika mwaka 1025 na kufundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya hadi karne ya 17, alipewa muda mfupi kuliko anavyostahili. Al-Zahrawi wa Kordoba, aliyechora vyombo vya upasuaji takriban 200, alipita kwa picha tatu ukutani. Uhindi na Uchina zilibanwa katika Jumamosi moja, na hapo nasema bila kusita kwamba mpango umekosewa. Sushruta na ukarabati wake wa pua kwa ngozi ya shavu alipata dakika chache. Ge Hong wa Uchina, wa karne ya nne baada ya Kristo, hakutajwa kabisa, ilhali ndiye tabibu wa kale ambaye kila muuguzi wa Kivu anamtumikia bila kumjua. Katika kitabu chake cha dawa za dharura alielekeza mgonjwa wa homa achukue konzi ya majani ya qinghao, aina ya artemisia, ayaloweke katika maji, ayakamue na kunywa yote. Mwaka 1971 mtafiti wa Kichina Tu Youyou, baada ya majaribio mengi kushindwa, alisoma tena maneno hayo na kugundua kwamba hayataji kuchemsha. Akahisi kwamba moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa, akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, na artemisinini, dawa ya malaria, ikapatikana. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa mseto tunazowapa watoto wa malaria asubuhi hadi jioni zimetoka humo, na sindano ya atesuneti iliyochukua nafasi ya kwinini kwa malaria kali vilevile. Somo hilo lingefaa pia kwa sababu nyingine: wengi hapa hunywa chai ya artemisia wakiamini ni sawa na dawa, wakati Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa kinga wala kwa tiba, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake hakitabiriki na kwa kawaida hakitoshi.

Na kwinini? Hili ndilo pengo ninalolisikitikia. Magamba ya mti wake yaliletwa Ulaya kutoka milima ya Andes katika karne ya 17, Wajesuti wakiwa miongoni mwa walioyaeneza. Pelletier na Caventou walitenga kwinini yenyewe mjini Paris mwaka 1820. Na baadaye mti huo ulipandwa katika vilima vya Kivu, hata Bukavu ikawa na kiwanda chake, Pharmakina, kinachotengeneza kwinini kutokana na magamba hayo. Wazee wa mji huu wapo waliovuna magamba hayo kwa mikono yao. Masomo ya historia ya tiba yanayotolewa Bukavu bila kulitaja jambo hilo yamekosa mlango ulio wazi mbele yake. Kaskazini mwa mji kuna kituo cha utafiti cha Lwiro, chenye maktaba na mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa tangu wakati wa Wabelgiji. Safari ya siku moja kule ingefaa kuliko Jumamosi yoyote ya mwezi wa tatu.

Niongeze la Bunyoro, nchini Uganda, ng’ambo ya mpaka wetu wa mashariki. Mwaka 1879 tabibu Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Kahura mwanamke akizalishwa kwa upasuaji na wataalamu wenyeji, na mwaka 1884 akayachapisha aliyoyaona. Pombe ya ndizi ilitumika kumlevya mama na kuosha mikono na tumbo. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Kizazi kilikandwa hadi kikajikunja. Jeraha lilifungwa kwa sindano za chuma na kupakwa dawa ya mizizi. Mama na mtoto walipona. Felkin alihitimisha kwamba utaalamu huo ulikuwa umekomaa kwa muda mrefu. Nilimuuliza mzee kwa nini hayamo. Alinijibu, “Mama, niliogopa kuonekana ninawasifu waganga.” Ninamheshimu sana, lakini sikubaliani naye. Gombo la Misri alilisoma na upande wake wa nyuma bila kuogopa. Uangalifu huo huo unatosha kwa Bunyoro.

Upande wa mahali penyewe, chumba ni safi, viti vinatosha, lakini paa la mabati halina dari, na mvua ya Bukavu inaponyesha mwalimu hasikiki kuanzia safu ya tatu. Umeme ulikatika mara kwa mara na projekta ikazimika; wenye masomo hawana jenereta, ingawa ukurasa wa mkononi huokoa somo. Tatizo zito zaidi ni kwamba fotokopi zote ni za Kifaransa, na cha vitabu vigumu, wakati maelezo hutolewa kwa Kiswahili. Wakunga wawili waliacha katikati kwa sababu hiyo. Walimu vijana wanaweza kuandika muhtasari wa nusu ukurasa kwa Kiswahili kwa kila somo, na nimewaomba wafanye hivyo. Fotokopi pia zigawiwe wiki moja kabla.

Duru mpya huandikisha Jumamosi mbili kabla ya kuanza, pale pale panapofanyika masomo, na malipo hutolewa risiti. Mwanafunzi wa udaktari na muuguzi mwenye miaka michache kazini wachukue miezi yote mitatu. Muuza dawa anaweza kuanzia mwezi wa pili bila kupotea. Mwenye dola kumi tu alipe mwezi huo wa pili, aje siku ya moyo wa ng’ombe mapema, akae mbele, kwa kuwa glavu hazitoshi wote.